Mchango wa Ziara ya Mpira

Klabu yetu ya mpira ilipewa na chuo mipira, nyavu na chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja. Mengine yote tulijilipia wachezaji wenyewe. Viatu vilikuwa vyako, soksi zako, na ukiumia goti, dawa ya kuchua ulinunua mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu ng'ambo ya Ziwa Viktoria, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Serikali ilinilipia karo, chakula na kitanda, lakini haikuwahi kufikiri kwamba mwanafunzi ana miguu pia.

Mwezi wa Novemba nilichaguliwa kuingia timu ya kwanza. Wiki hiyo hiyo mtunza fedha wa klabu, kijana mpole aliyevaa miwani, alitukusanya na kutuambia kwamba mwezi wa pili tungefanya ziara ya Nairobi, mechi tatu, na kila mchezaji angetoa shilingi ishirini na tano za nauli na tai ya klabu. Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka maisha yangu yote. Alisema klabu imetenga nafasi mbili kwa wasio na uwezo, na mwenye shida amfuate chumbani, hakuna mtu mwingine atakayejua.

Sikumfuata. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami niliificha hali ya kwetu kwa bidii kubwa kuliko niliyoitia katika masomo. Nilikuwa peke yangu kutoka kusini katika timu ile. Wenzangu walikuwa wameshanitania kwamba kwetu kunajulikana kwa simba na kwa karanga za Wazungu zilizogoma kuota. Nilicheka nao. Kwenda kuomba nafasi ya maskini baada ya kucheka vile, hapana, heri ningeacha mpira. Na mpira sikutaka kuuacha.

Kwa kawaida likizo ya Disemba sisi wa mbali hatukwenda kwetu, maana njia ilikula nusu ya siku zenyewe. Mwaka ule nilikwenda. Barua nisingeweza kuandika, kwa kuwa mama hakujua kusoma, na barua zangu zote alisomewa na kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa mkuu wa ukoo. Mjomba angeuliza mpira unahusu nini na elimu. Nilikuwa na waranti ya serikali ya safari, meli, treni, meli tena, kisha treni ya Mtwara hadi Nachingwea, nauli kubwa kuliko mchango wenyewe mara nyingi, na hata senti moja ya waranti ile haikuweza kugeuzwa pesa.

Nilifika Likunja, nje kidogo ya Ruangwa, mvua za kwanza zimeanza na watu wana njaa. Ndio msimu ulivyo kwetu. Akiba ya chakula imekwisha, mavuno yako mbali, na kilichobaki ndani ya nyumba ni mbegu tu. Mama alikuwa mjane, na alikuwa amekonda. Nilimwamkia, tukakaa, na kwa siku kumi nzima nilishindwa kusema kilichonileta. Siku moja kabla ya kuondoka nilisema. Nyumbani tulizungumza Kimwera, nami nayaandika maneno yake kwa Kiswahili nikijua yamepoteza kitu njiani.

"Usipolipa, watakufukuza chuo?" aliuliza.

Ningesema hapana. Ndilo lilikuwa jibu la kweli. Nilisema, "Watanitoa kwenye timu, mama. Na timu ni sehemu ya chuo."

Hakuuliza tena. Asubuhi nilikuta gunia mlangoni limekwisha kushonwa mdomo, madebe mawili ya ufuta ndani yake. "Ukauze Nachingwea," alisema. "Ruangwa watakuuliza."

Lori liliondoka Ruangwa asubuhi na mapema, nami nikaketi juu ya mizigo, nimeegemea gunia langu. Hatukwenda mbali kabla harufu haijanifikia. Ufuta ule ulinukia moshi.

Yeyote aliyekulia kwetu anajua maana yake. Ufuta wa kuuza hukaa ghalani. Ufuta wa mbegu hutiwa kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti, hufunikwa kwa udongo na kuwekwa kwenye uchaga juu ya meko, moshi uufukize mwaka mzima usiliwe na wadudu. Tena mbegu ile haikuwa ya mama peke yake. Katika ukoo wetu mbegu za dada wote hutunzwa na dada mkubwa. Baada ya mavuno kila mmoja humletea mbegu zake bora, naye huzichanganya na kuzilinda, na mvua zikikaa sawa huwagawia wote. Bibi alifanya kazi hiyo hadi alipokufa, kisha ikawa ya mama. Haikuwa na mshahara. Ila mwanamke mwenye uchaga ule aliposema neno, wadogo zake walinyamaza wakasikiliza, na hata mjomba hakukata shauri la shamba bila kumwuliza. Ndicho kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho mama yangu duniani. Nami nilikuwa nimekiegemea.

Kwa hiyo nilijua. Nasema hivi wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikuwa kijana, sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Katikati ya njia lori letu lilinasa kwenye tope, tukakaa hapo hadi jua lilipokuwa kichwani. Lori jingine likatoka upande wa Nachingwea likienda Ruangwa, na utingo wake alikuwa mtu wa Likunja aliyemfahamu mama. Alishuka kutusaidia kusukuma, matope yakamfika magotini. Akaniuliza kama nina salamu za kupeleka nyumbani. Ningempa gunia lile na mambo yangeishia pale. Nilimwambia awasalimie wote.

Nachingwea nililipeleka gunia kwenye duka la Mhindi karibu na stesheni. Aliufungua mdomo wa gunia, akachota ufuta kiganjani, akaunusa.

"Hii mbegu, bwana," alisema. "Watu wanapanda sasa. Kwa nini unauza mbegu?"

"Tunazo nyingine," nilijibu.

Alinitazama, akasema ufuta wa moshi unaharibu mafuta, akapunguza bei. Sikubisha. Nilipata shilingi kumi na tano, nikaongeza na kumi nilizokuwa nimejiwekea, mchango ukatimia. Treni ilipoondoka nilipita yale mashamba makubwa ya mradi wa karanga, ekari kwa ekari zilizong'olewa miti na kuachwa ziote magugu. Kuna watu waliokuwa wamepoteza mbegu nyingi kuliko mimi, nilijiambia. Hata hilo lilinifariji kidogo, Mungu anisamehe.

Nairobi tulikwenda. Mechi ya kwanza nilikaa benchi, na ya pili vilevile. Ya tatu niliingizwa dakika kumi na tano za mwisho, tumeshafungwa mabao manne. Niligusa mpira mara tatu, nikafurahi kama mwendawazimu.

Nilirudi nyumbani mwezi wa sita, likizo ndefu. Ufuta ulikuwa umekatwa. Kila uwanja niliopita kutoka Ruangwa ulikuwa na matita ya ufuta yamesimamishwa juani yakauke, na wanawake waliyapiga kwa fimbo juu ya mikeka. Uwanja wa mama ulikuwa na mtama, na katita kamoja ka ufuta ambako mtoto angeweza kukabeba.

Siku ya pili, asubuhi, mama wadogo wawili walipita mbele ya nyumba yetu na vilindo vidogo vichwani. Nilisimama kuwapokea, nikidhani wanatuletea mbegu kama kila mwaka. Nilisema shikamoo, wakaitika marahaba kwa furaha, wakaniuliza habari za masomo, kisha wakaendelea na njia. Walikwenda kwa mama mdogo wa tatu, kitindamimba wao. Mama alikuwa kizingitini akipepeta mtama. Aliwatakia njia njema.

"Wanakwenda wapi?" niliuliza.

"Uchaga uko kule sasa," alisema, bila kuacha kupepeta.

Nikamlazimisha aniambie, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za jirani. Siku chache baada ya mimi kuondoka mvua zilikaa sawa, na dada zake wakaja kuchukua mbegu. Aliwaambia paa la jikoni lilivuja, mbegu zikalowa na kuoza, akawatupia kuku. Walikwenda kuomba mbegu kwa wakwe huko Marambo, wakapanda wamechelewa, wakavuna nusu. Yeye walimbakishia mbegu viganja viwili tu. Mjomba aliitisha kikao, na wote wakakubaliana kwamba dada yao mkubwa amezeeka na moto wake umemshinda. Mama alikuwa bado hajafika miaka hamsini.

Nilisema nitakwenda kuwaambia. Nilisema kwa kelele, na nilikuwa nalia.

"Utawaambia nini?" alisema. "Kwamba chuo kimekula mbegu? Binti ya mdogo wangu yuko darasa la tatu. Mjomba wako atamtoa kesho. Hakuna mtoto mwingine wa ukoo huu atakayepelekwa shule. Mimi kuitwa mzembe haniumi."

Ilimwuma. Uso wake niliuona. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na kibuyu chenye mbegu zake za mwaka ule, kidogo tu, akanipa nimbebee, tukafuatana.

Kwa mama mdogo tuliwakuta wote wameketi mkekani kuzunguka kilindo kikubwa, kile kile kilichokuwa chetu. Mama alinipokonya kibuyu mlangoni, akakitoa mwenyewe kwa mikono miwili kwa mdogo wake, yule aliyemlea mgongoni. Mama mdogo alikipokea, akamimina mbegu kiganjani, akazichambua mbele ya watu kabla hajazitia pamoja na zingine. Mama alisimama akisubiri kama mbegu zake zitakubaliwa.

"Ni nzuri, dada," alisema mama mdogo hatimaye, kisha akanigeukia akicheka, maana hakuwa mtu mbaya. "Na wewe msomi wetu, wewe ulikuwepo Disemba. Sisi tunambishia mama yako kila siku. Paa lile mimi mwenyewe nilisaidia kuliezeka. Hebu tuambie, kweli lilivuja?"

Wote walinitazama. Mama hakunitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anautengeneza upindo wa kanga yake uliokuwa umekaa sawa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimesoma kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa katika ukoo ule, na neno langu pale lilikuwa na uzito wa karatasi ya serikali.

"Lilivuja, mama mdogo," nilisema. "Nililiona mwenyewe. Nilimwambia aziondoe mbegu, hakunisikia."

Hiyo sehemu ya mwisho hakuna aliyeniomba.

Mama mdogo alitikisa kichwa taratibu, akasema basi, mambo yamekwisha, msomi ameshuhudia. Wengine wakaitikia. Hawakulizungumza tena jambo lile hadi mama yangu alipofariki, na uchaga haukurudi kwake kamwe.

Tulipokuwa tunarudi, mama alitembea mbele yangu hadi tukavuka mto. Kisha akanisubiri, akanishika mkono, akanishukuru.