Upinde wa Kulinda Kiti Kitupu

Cassien akikasirika, mtaa wetu wote wa Gitega hapa Kigali unajua, hata wale wenye redio kubwa. Mimi nauza chai na mayai ya kuchemsha getini kwa garaji lao, huu mwaka wa kumi na tisa, kwa hiyo msiniulize nimejuaje. Siku moja alimfokea dereva aliyefunga breki kwa waya, na kamyoni lake likawaka lenyewe bila ufunguo, likatoka getini kinyumenyume kwa aibu. Mwingine atabisha. Abishe. Mimi ndiye niliyehamisha meza ili lipite.

Lakini hasira ya Jumamosi ile siiongezei chumvi. Ilikuwa nayo ya kutosha.

Cassien alizaliwa Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akakulia mtaa wa Buyenzi hukohuko, kwenye karakana ambako watu wanagombana kwa Kiswahili tangu asubuhi. Fundi aliyemfundisha alikuwa na sheria moja: gari ulilolifungua ukalifunga unalipanda wewe kwanza, mwenye gari baadaye. Ukikosea breki, meno yatakayong'oka ni yako. Cassien akaja Kigali na sanduku la spana magotini na sheria ile kichwani, na mpaka leo, miaka hamsini na tisa, hajamkabidhi mtu gari ambalo yeye hajalikalia. Mkewe Gaudiose anasema hata kitanda chao, alipokikaza miguu, alikilalia peke yake siku tatu. Gaudiose akalala kwenye mkeka akisubiri ripoti.

Sasa kuna huyu Norman, mtu wa ofisi, anakaa Kiyovu kwa wenye pesa. Alikulia Uganda, na marehemu baba yake alimwachia kigari chekundu cha zamani: viti viwili, hakina paa, kelele kama ugomvi wa mawifi. Kilitoka Kampala, na kule wanaendesha kushoto, kwa hiyo usukani ulikuwa upande wa kulia. Sisi hapa tunapita kulia. Cassien akauhamisha usukani ukaja kushoto. Miezi minne. Akakikalia, akakizungusha mji mzima, ndipo akamwita Norman.

Baadaye Norman akasikia kuna mashindano ya magari ya zamani kupanda mlima. Dereva atakuwa Shami, binti yake wa miaka ishirini na tatu. Wenye mashindano wakasema gari lisilo na paa haliingii bila upinde. Upinde wenyewe ni bomba nene la chuma lililokunjwa kama mlango wa kanisa. Linafungwa kwa boloti nyuma ya viti, ili gari likipinduka, bomba ndilo lipige ardhi, kichwa kibaki salama chini yake. Norman akauagiza ng'ambo. Wauzaji wakaomba namba ya chesisi, akawapa ile ya kwenye karatasi za gari.

Na karatasi zile, jamani, bado zilisema usukani uko kulia.

Upinde ulifika Alhamisi. Cassien alifungua boksi, akautazama, kisha nikasikia boksi tupu likigonga ukuta.

"Huu ni wa gari la Kampala!"

Mimi chuma sikijui, lakini alinionyesha kwa kidole, nikaelewa. Katikati ya upinde kuna bomba jingine limelala mshazari. Linatakiwa lianzie kona ya juu, nyuma ya kichwa cha dereva, lishuke mpaka chini upande wa pili. Hilo ndilo linaloshikilia kona ile isibonyee gari likianguka kichwa chini. Katika upinde huu kona iliyoshikiliwa ilikuwa ya kulia, kwa abiria. Kona ya Shami haikuwa na kitu. Na kwenye mashindano yale hakuna abiria. Chuma chote kile kilikuja kulinda kiti kitupu.

"Ugeuze basi," akasema Norman.

"Nikiugeuza, miguu yake inayoegemea nyuma itatazama mbele, iingie kwenye viti, Patroni. Nimpandishe binti yako chuma mgongoni?"

"Kata, uchomelee upande ule mwingine."

"Sikati. Umepimwa ukiwa mzima. Nikiukata ni bomba la maji tu."

"Cassien, wakaguzi wanaangalia kama upinde upo. Upo! Mashindano ni Jumapili."

"Jumapili gani inayomshinda mtoto?"

Norman akaondoka bila kuaga, gari akaliacha, upinde akauacha. Nilijua hajamaliza. Mtu aliyemaliza hubamiza geti. Yeye alilifunga taratibu.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na kila mtu asubuhi alikuwa na jembe mtaani kwake. Cassien anakaa Kagarama, kwa hiyo alikuwa huko anachimba mfereji na majirani. Lakini Ilyasi, mwenzake wa garaji, anakaa hapahapa Gitega. Umuganda ulipoisha saa tano, Ilyasi alihitaji hatua arobaini kufika. Cassien alihitaji basi mbili. Norman alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo.

Niliwaona Ilyasi na Norman wanatoa viti. Nikamwambia Ilyasi, "Baba, mwenzako anakuja."

"Bibi, mimi natoboa tu. Mengine muulize Patroni."

Nikauchukua mfuko wa boloti nikauweka chini ya sufuria ya mayai. Sufuria ikakaa upande kama mlevi, Ilyasi akacheka, akauchomoa. Boloti zote zikaingia, na bamba la chuma chini ya sakafu kwa kila mguu, kazi safi kabisa ya kuzimu.

Cassien alifika na tope kwenye buti. Aliona upinde, akamwona Ilyasi anafuta mikono, akamwona Norman, akamwona Shami anajaribu kofia ngumu kwenye kioo. Alianza kwa sauti ndogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Ilyasi. Umetoboa gari nililolifunga mimi?"

"Kaka, Patroni kasema—"

"Patroni atalala ndani yake likipinduka? Eh? Weye utalala ndani yake?"

"Sikiliza," akasema Norman, "gari ni langu."

"Na kichwa je? Kichwa cha nani?" Sasa sauti ilikuwa imepanda. Mvua iliyokuwa inakuja kutoka Mlima Kigali ikasimama, ikafikiri, ikarudi. "Mimi gari nililofunga nalikalia kwanza, miaka arobaini! Hili sikai! Nimekaa kwenye magari ya wezi, nimekaa kwenye basi isiyo na sakafu, hili sikai! Halafu unataka akae huyu?"

Shami akavua kofia. "Kwani lina nini? Baba ameniambia tatizo ni rangi."

Nawaambia, Norman akaanza kukagua viatu vyake.

Cassien akamgeukia Shami. Alichukua waya laini, akaukunja kama upinde, akafunga kipande kingine mshazari. Akanyoosha mkono mezani kwangu bila kuomba, akachukua yai, akalimenya nusu, akaliweka chini ya kona ile iliyoshikiliwa. "Bonyeza." Shami akabonyeza kwa gumba. Waya ukasimama. Akalihamishia yai kona ya pili. "Hapa ndipo unapokaa wewe. Bonyeza."

Waya ulilala. Kiini kikatoka upande.

"Ni yai tu!" akasema Norman. "Ni mchezo wa shule ya chekechea!"

 Shami alikuwa anamtazama baba yake, si yai. Kisha akaingia garini, akapiga magoti nyuma ya kiti, akaokota spana ya Ilyasi.

"Shami, toka humo."

"Natoka, baba. Natoka na upinde."

"Utanitia aibu mbele ya watu wote wa klabu ya magari!"

"Waambie tatizo ni rangi."

Boloti ya kwanza ilipotoka, alimwekea baba yake kiganjani. Norman aliitazama kama mtu aliyepewa jino. Akasimamisha pikipiki barabarani, akavaa kofia ya abiria, nayo akaifunga vizuri sana kidevuni, nikamwona. Akaenda zake Kiyovu.

Mnadhani Cassien alipoa? "Si hivyo! Unaikamua nati kama chungwa! Legeza zote kwanza, ndipo utoe!" Akamgeukia Ilyasi: "Na weye, matundu haya utayaziba kwa ulimi wako!" Ilyasi alikuwa ameshajificha chini ya gari jingine, anajifanya anasikiliza ekzosi.

Jumapili mashindano yalipita bila kigari chekundu. Jumatatu Shami alikuja na simu yake, akakaa kwenye benchi langu, anawaandikia wauzaji wabadilishe upinde. Cassien alisimama juu yake, mikono kiunoni, akitamka.

"Andika usukani uko kushoto."

"Nimeandika."

"Andika tena. Wale hawasikii."

"Mzee Cassien, ni barua, haisikilizwi."

"Andika KUSHOTO!"

Alilisema kwa nguvu kiasi kwamba pikipiki tatu zilizokuwa zikipita zilikata kona kushoto palepale, abiria wao wakilalamika kwamba walikuwa wanakwenda sokoni.