Ulimi wa Kemuma na Udongo wa Konani

Jua limeshapanda juu ya vilima vya Magwagwa, lakini huku bondeni ukungu bado umelala. Kemuma amepiga magoti ukingoni mwa shimo la udongo. Anamega kipande, anakisaga kwa meno ya mbele, anafumba macho. Wanawake waliobeba majembe wanangoja. Anatema, nao wanahamia sehemu nyingine ya shimo bila kuuliza.

Hiyo ndiyo kazi yake. Wafinyanzi wa kijiji hiki hawachimbi udongo ambao Kemuma hajauonja. Akitema, umekataliwa. Akimeza, majembe yanaanza. Mchanga ukizidi, meno husikia. Udongo ukinata mno ulimini, chungu chake kitapasuka motoni. Mwandishi wa habari hii naye alijaribu, akatema upesi, na wanawake wakamtania kwamba amekataa shimo zima.

Utani uliishia kwenye kona ya chini ya shimo, karibu na mto. Kila anayepita hapo huiamkia ile kona kwa sauti ndogo, kama anavyomwamkia mtu aliyeketi mlangoni kwake.

Wakati wa mvua za mwaka 1946, ukingo uliporomoka hapo ukamfunika Nyangate, mdogo wake Kemuma. Watu walichimba mpaka maji yakajaa. Hawakumpata.

Dada hao walikuwa wakifanya kazi pamoja. Kemuma alionja, Nyangate alichukua udongo uliokubaliwa, akafinyanga donge, akalitia alama ya dole gumba na kulianika.

Tangu hapo, miaka saba sasa, Kemuma hajatia kinywani udongo wa konani, wala hakuna aliyemlazimisha. Lakini msimu huu vyungu vinavuja, na Bi Luul, mfanyabiashara wa Keroka anayevichukua kwa wingi, amerudisha shehena nzima. Malipo ya chungu ni nafaka ya wimbi inayokijaza. Chungu kikirudi, nyumba hiyo haina unga.

"Mama, udongo nzuri ya juu imeisha," Orpah, mfinyanzi mwenye watoto sita, alimwambia Kemuma mwezi huu. "Imebaki hiyo ya kona. Sisi tunangoja wewe."

Kemuma hakuthubutu kuonja. Alichukua kidogo tu, akafinyanga donge, akaliacha juu ya jiwe uani na kufunga mlango wa ua. Anaishi peke yake. Jioni donge lilikuwa limekauka bila ufa hata mmoja. Juu yake palikuwa na alama ya dole gumba, jembamba, lililopinda kushoto. Nyangate alivunjika dole hilo utotoni, likaunga vibaya.

Mwandishi ameonyeshwa donge hilo. Ni gumu kama jiwe kote, isipokuwa ndani ya alama. Humo udongo ungali mbichi, na una joto kidogo. Mwandishi aliogopa, na hana haja ya kuficha.

"Nilidhani anatukataza," Kemuma anasema. "Kumbe amekubali. Hiyo alama tulikuwa tunaweka kwa udongo mzuri peke yake."

Asubuhi hii anashuka hadi konani. Anaamkia. Anamega, anasaga, kisha anakaa kitambo mdomo umefungwa, machozi yakimtiririka. Wanawake wanatazama koo lake.

Anameza.

Hakuna anayeinua jembe. Orpah analaza lake chini, anapiga magoti na kuanza kuchimba kwa mikono, na wengine wanamfuata. Wamekubaliana kwenda polepole, ili wakikutana na Nyangate wamtoe salama wakamzike nyumbani.

Na wasipomkuta? Kemuma anajifuta midomo kwa upindo wa leso.

"Chungu ya kwanza ya hapa nitafinyanga mimi," anasema. "Hiyo haiendi Keroka. Itakaa kwangu, pale kwa kitanda alikuwa analala."