Joka Linaloogopa Moto

Wagiyem alikuwa na miaka sitini na moja, na arobaini kati ya hiyo ilipita mbele ya karai la mafuta, akikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, katika soko la mji wa Salatiga. Kitabu cha hadithi hakuwahi kusoma hata kimoja. Shule aliiachia darasa la nne, na uzeeni akaingiwa na mtoto wa jicho, hata wateja akawa anawajua kwa sauti.

Mwaka ule akafanyiwa upasuaji. Daktari akamwonya asisogelee moshi mwezi mzima. Karai likashikwa na mumewe, Pak Tukiman, yaani Bwana Tukiman, na yeye akabaki barazani, anaona kila jani la mpapai wa jirani na hana la kufanya.

"Nitakufa kwa kukaa," akamlalamikia Retno, msichana mwenye chumba cha kuazimisha vitabu pale mtaani.

"Hufi, Bu," Retno akamjibu, akimwita mama kwa heshima. "Shika hiki. Viko vitatu, hadithi moja."

Kilikuwa kisa cha mchawi wa kike aliyenyang'anywa ruhusa ya kuruka angani, na joka lake nene linaloogopa moto. Ukurasa wa kwanza ulimlia asubuhi nzima, kidole chini ya kila neno. Kwenye ukurasa wa kumi joka likapiga chafya, likaona cheche zake lenyewe, likakimbilia chini ya kitanda cha mfalme. Wagiyem akacheka mpaka mtandio ukamvuka.

Tukiman aliporudi alimkuta anafuta machozi. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Joka limekwama uvunguni, na mfalme yuko juu anakoroma!"

"Wewe walikutoa mtoto wa jicho, au walikutoa akili?"

Kitabu cha kwanza alikimaliza kwa siku tisa, cha pili kwa siku nne. Na hicho cha pili, jamani, kikamwacha pabaya: mchawi kafungiwa ndani ya chupa ya siki, na kizibo chake ni cha nta isiyoyeyuka ila kwa pumzi ya joka! Wagiyem akavaa kandambili, mbio kwa Retno.

"Cha tatu! Haraka!"

"Kimeazimwa, Bu. Wiki ya tatu leo." Retno akauma mdomo asicheke. "Anacho Pak Hadisuwito."

Pak Hadisuwito! Mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyefundisha nusu ya mji, na hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Wagiyem akaenda vivyo hivyo. Akamkuta barazani, uso nyuma ya kitabu kikubwa cha hesabu, mabega yakimtikisika.

"Pak, siku hizi hesabu zinachekesha?"

Mwalimu akashtuka. Kitabu kidogo kikaponyoka kutoka ndani ya kile kikubwa, kikaanguka sakafuni.

"Cha mjukuu wangu," akasema.

"Mjukuu wako ana miezi minane."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha kwa sauti ya chini, "Bu, wewe umefika wapi?"

"Chupa ya siki."

"Loo! Basi hujui kitu! Maana joka—"

"Pak! Ukisema napiga kelele mtaa mzima wasikie!" Na masikio keshayaziba.

Mwalimu alikuwa amekimaliza mara mbili, na moyo ulikuwa haujamruhusu kukirudisha. Wakapatana: atamsomea. Jioni tatu mfululizo akasoma, joka akilipa sauti nyembamba ya puani, mfalme sauti ya mkaguzi wa shule. Mkewe alileta chai, akasimama na birika mkononi, akasahau kumimina. Ndoa ya miaka thelathini na nane, na hajui kwamba mumewe anaweza kulia kama joka.

Joka lilipofumba macho na kuipulizia ile nta, Wagiyem aliruka juu, kandambili moja ikaangukia uani. "Nilijua! Nilijua, mwanangu!"

Mwezi ulipoisha alirudi kwenye karai. Ila mwalimu, ambaye zamani alikuwa akimtuma mkewe kununua tempe, siku hizi huja sokoni mwenyewe, na wateja husubiri wawili hao wakibishana juu ya mwisho wa kitabu.

"Mchawi hakupaswa kuolewa na mwoka mikate!"

"Angeolewa na nani, Pak? Na wewe?"