Mkeka Ulioenda Harusini Ukiwa Nusu

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua ya mwezi wa nne, mwanangu, nimesimama ufuoni mwa ziwa, kwetu Dunga, na mkeka mbovu mikononi, na harusi ya dada yangu imeshakaribia. Imenirudia akilini kwa sababu mama yako ameniambia hutaki kwenda harusi ya yule rafiki yako mliyeanza naye masomo kule Maseno. Anasema umetafuta zawadi ukakosa, na sasa unapanga kujifanya mgonjwa. Kaa hapa kidogo. Sikugombezi. Nina jambo la kukuambia, na mimi nikianza huwa sifupishi, unanijua.

Dada yangu Adhiambo ndiye aliyenilea. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mimi nikiwa bado mdogo na yeye akiwa ndiyo kwanza anamaliza shule ya msingi. Aliachia hapo masomo, akatandika gunia chini pale sokoni Kondele, akaanza kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Omena hiyo ndiyo iliyoninunulia sare za shule, ikanilisha mpaka nikawa mwanamume wa kubeba samaki ufuoni kwa kibarua. Nilikuwa namwita dada, lakini moyoni alikuwa mama. Nasema hivyo wazi leo kwa sababu yeye mwenyewe sikumwambia vya kutosha.

Akapata mchumba, Ochieng, dereva wa trekta la miwa kule Muhoroni, kijana mpole. Watu wake walikuja kuleta mahari kwa baba yetu mdogo, na mimi nikapewa kazi ya kuwanawisha mikono. Nilipofika nyuma ya nyumba na birika langu, nikamsikia shangazi yake Ochieng akizungumza na mwenzake. Alisema, "Msichana ni mzuri, lakini hana watu. Kesho akilia, nani atakuja uliza?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mama wa shamba anavyosema mahindi ya jirani hayana mbolea. Lakini maneno yale yalinichoma, mwanangu, na yakanikaa. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu, watu wa Muhoroni waone kwamba Adhiambo ana watu.

Nao wangeonaje? Unajua harusi zetu. Mwenye kipaza sauti anaita upande wa bwana harusi, kisha upande wa bibi harusi, na watu wanakuja wakicheza, zawadi zimeinuliwa juu kila jicho lione. Madukani Kisumu kulikuwa na blanketi nzito na sufuria za kung'aa, na kibarua changu kilikuwa kinaishia tumboni. Nikaona nimtengenezee mkeka wa mafunjo, mkubwa wa kutandika sebule nzima. Mafunjo yanaota bure pale kwenye maji, hayaulizi mfuko wako ukoje. Yanataka panga, nguvu na subira. Panga niliazima, nguvu nilikuwa nazo.

Subira ndiyo sikuwa nayo. Mafunjo ukishakata unayachana vipande vyembamba, unavianika juani mpaka vikauke kabisa, kisha ndipo unavilowesha kidogo visivunjike ukisuka. Mimi mvua iliponyesha mfululizo nikaona nitachelewa, nikasuka vikiwa bado na ubichi. Ulipendeza kwa muda mfupi. Halafu vikakauka vikiwa ndani ya mkeka, vikasinyaa, na nafasi zikafunguka kila mahali. Asubuhi ile niliyokuambia nilimpelekea Mzee Odera, ambaye alikuwa fundi wa mikeka pale Dunga. Alipitisha kidole kwenye pengo moja, kisha kingine.

"Wuoda, hapa kifaranga anapita," akasema. Wuoda ni kijana wangu, na mzee yule alituita hivyo sote. "Umesuka ikiwa mbichi."

"Mvua haiachi, Mzee. Na harusi iko karibu."

"Mafunjo haijaalikwa harusi. Fungua yote."

Nikafumua, na machozi yalinilenga, sikufichi. Akanionyesha namna wanavyofanya wakati wa mvua. Tulikata mafunjo mengine pamoja, tukayachana, tukayatundika darini jikoni kwa mkewe, juu ya meko, yakaushwe na joto na moshi. Mama yule alinung'unika kwamba jikoni kwake pamegeuka ghala la watu, lakini kila akipika aliyapindua kwa mwiko ili yakauke pande zote.

Basi nikaanza upya, na safari hii kazi ikaenda ipasavyo, polepole. Ilipofika siku ya kuamkia harusi mkeka ulikuwa nusu. Upande mmoja umekazwa vizuri, upande wa pili vipande vimening'inia kama nywele ambazo hazijachanwa. Nilikunja vitu vyangu nikamwambia Mzee Odera kwamba sitaenda. Zawadi nitampelekea dada ikiisha, niende kama mtu mwenye heshima zake.

Hakupandisha sauti. Aliendelea kusuka mkeka wake. "Nani anaolewa, ni wewe?"

"Ni dada."

"Sasa aibu yako inaenda kufanya nini huko? Iwache hapa kwangu. Wewe beba mkeka, uende."

"Watanicheka, Mzee."

"Wacheke. Wakicheka, wamekuona. Usipoenda, wataona nini?"

Hebu fikiria, mwanangu. Nilikuwa nimekata mafunjo na kuchana na kusuka ili watu waone dada yangu ana watu, na nilikuwa karibu kuwa mtu wa kwanza kukosekana. Sijawahi kukemewa kwa upole namna ile, wala kukemewa hakujawahi kuniingia vile.

Nikaenda. Upande wetu tulikuwa wachache, baba mdogo, mkewe, na akina mama wawili wa omena kutoka Kondele. Tulipoitwa tukacheza hivyo hivyo. Mimi nilikuwa na mkeka begani, vipande vinaburura nyuma yangu kwenye nyasi. Mwenye kipaza sauti akaona pa kuchekesha.

"Shemeji, hii ni mkeka ama ni ufagio?"

Hema zima likacheka. Akaniwekea kile kipaza sauti mdomoni, na mimi sikuwa nimepanga maneno. Nikasema lililokuja. "Ni mkeka ya dada yangu. Haijaisha. Nitakuja kumalizia hapa hapa, kwake."

Wengine waliendelea kucheka. Adhiambo aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatetemeka, na nikajua analia. Nilirudi nikakaa nikiwa na hakika nimemwaibisha mbele ya wakwe zake. Hata chakula sikukigusa.

Lakini nilikuwa nimesema mbele ya watu, kwa hivyo ilibidi nirudi. Kibarua kilipopungua nikafunga mzigo wa mafunjo makavu, nikapanda gari la Muhoroni. Nilikuwa nikilala kwa wadogo zake Ochieng, na mchana nakaa mbele ya nyumba ya dada nikisuka. Nikaona maisha yake. Aliamka wa kwanza, akala wa mwisho, akaongea kwa sauti ya mgeni. Wanawake wa boma walimwita bibi ya Ochieng, basi, kana kwamba alianzia pale. Alipokuwa akipita na ndoo ya maji ananitupia jicho kuhakikisha bado nipo. Nilipoona hivyo nikapunguza mwendo wa kusuka. Kazi iliyokuwa ya siku chache niliivuta.

Mama mkwe wake akawa anasimama kuangalia. Akaniletea uji. Kisha akaja yule shangazi, yule yule wa siku ya mahari, akavuta kigoda akanishikia upande mmoja ili nisuke vizuri. Akauliza, "Huko kwenu Dunga mnajua hii kazi nyote?" Nikamwambia habari za Dunga, za baba mdogo, za mama yetu alivyokuwa. Mkeka ulipoisha na kutandikwa, wale wanawake walikuwa wameanza kumwita dada yangu nyar Dunga, binti wa Dunga, vile mke anavyoitwa boma likishajua ametoka wapi. Baadaye sana, Ochieng alipougua, mtu wa kwanza waliyeagiza aitwe alikuwa mimi.

Adhiambo alifariki mwaka jana, unajua, ulimlilia. Siku zake za mwisho hospitalini nilimuuliza jambo nililolibeba miaka yote. Nilimuuliza kama siku ile ya harusi alilia kwa aibu.

Alicheka kidogo, vile alivyoweza. "Aibu gani, owadwa, ndugu yangu? Nilikuwa nimekaa pale nikifikiria hawa wote jioni wataenda, mimi nibaki. Halafu ukasema utarudi. Kama ile mkeka ingekuwa imeisha, ungekuja lini?"

Nilitoka nje nikaegemea ukuta.

Sasa nisikilize. Usimnyime rafiki yako uso wako kwa sababu mkono wako ni mtupu. Mama yako anajua kufuma vitambaa vya viti, mwombe akufundishe, na kabla ya kuanza ulizia nyumba yake mpya ina viti gani ili usifume kwa ajili ya macho ya wageni. Anza leo, usikimbize kazi. Ukimaliza, vizuri. Usipomaliza, kifunge hivyo hivyo, uende nacho, umwambie kwa mdomo wako lini utarudi kumalizia. Kisha urudi, mwanangu. Harusi ina watu wengi, na wiki mbili baadaye mwari anakaa na wakwe peke yake. Hapo ndipo atakapokuhitaji.

Nyasaye, Mungu wetu, akutangulie njiani. Akupe mikono yenye subira na moyo usioona haya kwa kidogo ulicho nacho. Na siku yako ikifika, akujalie wote unaowapenda wawe hai, wamekaa viti vya mbele.