Mfupa Uliotaka Uzito

Mwaka wa tisini na sita mke wangu Ayuma aliteleza kwenye ngazi za nyumba aliyokuwa akifua nguo huko Donholm, akavunjika mguu chini ya goti. Baada ya wiki sita za plasta ndefu alifungwa fupi, yenye kisigino cha mpira, akaambiwa aanze kukanyaga kidogo kidogo.

Kina mama wa kanisa letu pale mtaani kwetu, Tena, walikataa. "Mama Griffins, usikanyage mpaka maumivu yaishe." Wakagawana zamu za kumpikia na kumchotea maji. Choo cha ploti, cha wapangaji wote, kilikuwa mwisho wa ujia, basi nikawa nambeba mgongoni, asubuhi kabla ya kwenda kiwandani na jioni nikirudi. Mimi ni mtu wa haya. Nilipita nikiangalia chini.

"Baba Griffins, harusi hii haiishi?" Mirriam wa mlango wa pili aliuliza kila jioni.

Ayuma alimjibu akiwa mgongoni: "Wako akubebe basi, tuone kama atafika."

Miezi miwili ikapita. Picha ya hospitali ilionyesha ufa uko vilevile. Daktari akatupa wiki sita. Ufa usipoanza kuziba, alisema, atapasuliwa atiwe chuma. Dada yake Ayuma aliwahi kupasuliwa na hakuamka.

Syombua, aliyewafundisha wagonjwa kutembea hapo hospitalini, aliinua ile plasta. "Kisigino bado kipya. Nani anambeba?"

Nikainua mkono kidogo.

"Mzee, mfupa ni kitu hai. Ndani mna chembe ndogo sana zinazoujenga. Uzito ukizibonyeza zinahisi, zinafanya kazi. Zisipobonyezwa, zinakaa tu."

Jioni hiyo niliketi mlangoni badala ya kumbeba. Ayuma alishika ukuta, akaweka mguu chini, akapiga yowe.

"Umenichoka, sema tu!"

Nilikuwa nimechoka kweli, mgongo na magoti, lakini si yeye niliyemchoka. Sikujua kulisema hilo mbele ya majirani. Sikuinuka. Ilikuwa kazi nzito kuliko kumbeba, na niliifanya kila siku, naye akilia hadi chooni na kurudi.

Wiki sita zilipoisha, picha ilionyesha kitu kama ukungu mweupe kuzunguka ufa. Daktari akasema ni mfupa mpya, kisu hakihitajiki.

Ayuma aliketi kwenye benchi la nje, akavua kitambaa cha kichwa, akajipangusa uso. Hakuniomba radhi, nami sikungoja aniombe. Tulikaa hapo muda mrefu, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuanza safari ya nyumbani.