Chumvi Niliyoiandika Kwenye Faili

Chai nilikuwa nainywa nimesimama. Tangu nianze kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, sikumbuki kuketi nikamaliza kikombe. Hospitali kubwa ya bara iliyonilea ilinifunza kukimbia: wodi hii, wodi ile, simu inalia, damu ya huyu imekwama maabara. Kwa hiyo mwaka wa mwisho waliponituma Amu, ndio Lamu, miezi mitatu, nikafunzwe na bingwa mmoja katika hospitali ndogo, nilinuna wazi. Wenzangu walikuwa wakijifunza mitambo ya moyo. Mimi nimetupwa kisiwani kuhesabu punda.

Bingwa mwenyewe alikuwa mama wa pale pale mjini, sauti ya chini, mwendo wa taratibu uliokuwa ukinikera. Kila asubuhi alininyang'anya faili. "Nieleze mgonjwa," husema, "faili nitajisomea." Basi nasimama kando ya kitanda na kueleza kwa kichwa: anaumwa tangu lini, anaishi na nani, anakula nini. Nikisahau swali haniambii. Anakunja kidole. Nikisahau jingine, anakunja cha pili, nami macho yote yako kwenye mkono wake na jasho linanitoka. Ngumi ikifunga, narudi kwa mgonjwa kuanza upya. Na ndiye wa kutia sahihi fomu yangu. Bila sahihi hiyo, hakuna mtihani wa mwisho.

Mgonjwa aliyenitoa jasho zaidi alikuwa mama mmoja wa Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, muuza mikate. Moyo wake ulikuwa umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, hivyo maji yalimjaa miguuni na kifuani. Nilimpa dawa ya kukojoza maji, nikamwambia aache chumvi kabisa, akaenda nyumbani ameshuka uvimbe. Wiki mbili hazikutimia, huyo karudi. Nikaongeza dawa. Akaenda, akarudi tena.

Mara hii ya tatu alikuwa hawezi hata kulala chali. Aliketi usiku na mchana amekumbatia mto, akivuta pumzi kwa shida. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Mama, chumvi unakula."

"Wallahi sili munyu, daktari." Munyu ndiyo chumvi kwa Kiamu.

"Dawa haziwezi kudanganya," nikamwambia mbele ya wodi nzima. "Anayedanganya ni mtu."

Muuguzi mmoja akacheka. Yule mama akageuza uso ukutani. Nami, damu bado inachemka, nikaandika kwenye faili: *Mgonjwa anakula chumvi na anakana. Si mkweli.* Nikaliacha faili wazi miguuni pa kitanda, nikakimbilia mgonjwa mwingine. Bintiye, mwalimu wa chekechea, alikuwa akimfuta mamake jasho. Nilipogeuka nilimwona amesoma, na anamnong'oneza. Nilijifanya sikuona.

Asubuhi yake bingwa alikuja kitandani akanyoosha mkono.

"Nyumbani kwake anapika nani?"

Sikujua. Kidole.

"Chungu kimoja na wenziwe, au chake mbali?"

Kidole. Yakaja mengine mawili, na vidole viwili.

"Matondoni umefika?" akauliza mwisho, na ngumi ikafunga. "Mgonjwa akinirudia mara tatu, daktari wake humfuata kwake. Siku akitoka, panda naye boti. Fomu tutaizungumza ukirudi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilisoma miaka yote ile nikakague vyungu vya watu? Lakini siku alipotoka nikapanda boti, nimekaa kwenye ukingo kama niliyekalia moto, kila saa naangalia maji yasije yakapwa tukakwama.

Jikoni kwao nilikuta vyungu viwili. Kikubwa cha familia, na kidogo juu ya jiko lake peke yake. "Hiki cha mama," bintiye akasema. "Hakitiwi munyu. Nakipika mimi mwenyewe." Sikungoja. Nikachukua kijiko, nikaonja mchuzi wa chungu kidogo.

Ulikuwa na chumvi. Si nyingi, lakini ipo.

Nikamgeukia na kijiko mkononi. "Na hii nini?" Nakumbuka furaha niliyoisikia wakati ule, na hadi leo inanitia haya. Nilifurahi kwamba nimewakamata.

Binti hakubishana. Alichota maji mtungini kwa kikombe, akanipa. Nilikuwa na kiu ya safari, nikapiga funda kubwa, nikabaki nalo mdomoni. Maji yale yalikuwa ya chumvi. Kisima chao kilikuwa kimeingiliwa na bahari kidogo kidogo, mvua hazikunyesha vya kutosha, na hayo ndiyo waliyokuwa wakipikia na kunywa kila siku.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza. Sauti yangu yenyewe ilikuwa imenywea.

Yule mama alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. "Uliniuliza munyu, mwanangu. Mayi hukuniuliza." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akavuta pumzi, akaendelea. "Lile neno uliloliandika, litatoka? Mimi nauza mkate hapa umri wangu wote, hakuna aliyepata kuniita mrongo. Sitaki kufa nikaliwata, likabaki hospitali."

Nilirudi Amu nikamwomba bingwa ruhusa niichane ile karatasi. Akakataa. Faili halichanwi wala halifutwi. Unaandika chini yake, tarehe na jina lako, wote wasome yote mawili. Ilinichukua mchana mzima. Mimi niliyekuwa naandika ukurasa kwa dakika tatu, niliharibu karatasi nne kwa mistari minne. Bingwa aliisoma, akatia sahihi fomu yangu.

Mkwewe yule mama, mume wa bintiye, alianza kumpelekea madumu ya maji matamu kutoka Amu kwa boti. Moyo ule haukuwa wa kupona, nilimweleza hivyo bila kuficha. Lakini wiki ya mwisho ya miezi yangu mitatu alikuja kliniki kwa miguu yake, na miguuni amevaa viatu. Bintiye aliniambia ni mara ya kwanza vinamwingia tangu Ramadhani.

Nikachukua kipimo cha presha. Akanizuia mkono.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Nisomee. Si hapa. Kule."

Akatangulia wodini. Kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Akasimama miguuni pake, akamwita yule muuguzi aliyecheka, akangoja mpaka amefika. Wagonjwa wakageuka kututazama. Nikafungua faili.

"Mgonjwa alisema kweli. Hali chumvi. Maji ya kisima chake yana chumvi, na mimi sikumuuliza. Nilimwita mwongo mbele ya watu, na nilikosea."

Nilisoma upesi, nimesimama mguu mmoja tayari kuondoka. Yeye aliinamisha kichwa akisikiliza hadi mwisho.

"Soma tena," akasema. "Una haraka."

Nikavuta kiti, nikaketi, nikasoma tena.