Nilivyosoma Vitabu vya Binti Yangu

Binti yangu alipoingia sekondari aliacha kabisa kunijibu kwa Kiswahili. Ananielewa vizuri, lakini jibu linakuja kwa Kiingereza, tena cha haraka. Baba yake, aliyenioa Morogoro akiwa mkimbizi kisha akanileta kwao Johannesburg, alisema niache, watoto wote wa mtaa wetu wa Turffontein wako hivyo. Sikuacha. Kila Ijumaa alirudi kutoka maktaba na vitabu vinne, nikaamua nimfuate humo humo.

Nilikuwa nashona nyumbani. Akishaenda shule nachukua kitabu kitandani kwake, nasoma kurasa tano, kamusi kando ya cherehani, kisha nakirudisha. Cha kwanza kilikuwa cha majoka na binti mfalme anayeongea na upepo. Kilinichosha. Cha pili kilikuwa cha mapenzi ya wanafunzi wawili wa shule ya bweni, na hicho kilinishika. Mmoja aliogopa maji, mwenzake akawa anamfundisha kuogelea.

Kiingereza kina neno lake la mwanamume na lake la mwanamke. Sisi tunasema "yeye", basi. Mimi maneno hayo nayachanganya mpaka leo, na nikisoma nayaruka. Majina ya kigeni nayo hayakuniambia kitu. Nilifika katikati nikiamini yule anayefundisha kuogelea ni mvulana, na nilikuwa nimeshampenda, namwombea akubaliwe nyumbani kwa mwenzake. Ndipo mama wa huyo mvulana wangu akamshonea gauni la mahafali. Nikarudi nyuma, kidole kwenye mstari. Wote wawili walikuwa wasichana.

Nilikaa na kitambaa cha mteja mapajani, sishoni. Nilimfikiria mama yangu, na angesema nini. Nilimfikiria mtoto wangu. Kisha nikaendelea kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama watakubaliwa.

Ijumaa moja binti yangu alikitafuta akirudishe maktaba, akakikuta kwenye kapu langu la vitambaa. Alikipangusa nyuzi. Halafu akaniuliza, polepole, nimefika wapi.

"Mama mtu ameziona barua walizoandikiana," nikamwambia. "Amezisoma zote."

Aliuliza kama nimekasirika. Nikasema nimemkasirikia yule mama, kwa nini asome kitu cha mwanawe bila ruhusa. Nilipojisikia nikisema hivyo nikakitazama kitabu mkononi mwake, naye akacheka mpaka akakaa sakafuni. Maktaba waliongeza wiki mbili, nikamaliza.

Siku ile hakusema lolote juu yake mwenyewe, wala sikuuliza. Aliniambia miaka miwili baadaye, tukiwa tumebeba mifuko ya sokoni, tunangoja robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, ituruhusu kuvuka.

"Mama, mimi niko kama wale wa kwenye kitabu," akasema, kwa Kiswahili.

Nikamwambia nilikuwa nimekwisha kuhisi, na kwamba yeye ni wangu. Tukavuka. Baba yake alichukua muda mrefu zaidi, na kuna miezi hawakusemezana, lakini yeye hakuwa amesoma kitu.